Foki ya krauni mbili kwa baiskeli ya mteremko: springi au upepo, na nianzie wapi?

#1 MtelemkoPwani

Salaam jamani. Natafuta foki ya krauni mbili, yaani yenye vishikio viwili vya mirija, kimoja chini na kimoja juu ya kichwa cha fremu. Fremu ni ya mteremko, alumini, magurudumu ya inchi 27.5. Kichwa cha fremu ni chembamba juu na kipana chini. Haba (kitovu cha gurudumu) ya mbele inachukua ekseli ya milimita 20. Foki iliyopo mirija, yale mabomba yanayoteleza, imekwaruzika hadi rangi imetoka, haifai tena. Uzani ni kilo 82 na mavazi yote. Njia ni za Rabai na Kaloleni, na mara moja moja Taita.

Zinazopatikana ni BoXxer za RockShox za miaka tofauti, Fox 40, Domain ya krauni mbili (RockShox pia) na Dorado zile zilizopinduliwa, mirija myembamba ikiwa chini. Mafundi wengi hapa mjini Mombasa wamezoea baiskeli za kawaida. Sasa nianzie wapi, springi au upepo? Na mirija iwe ya milimita 35, 38 au 40?

#2 FundiKisauni

Wa alaikum salaam. Usianzie springi wala upepo, anzia fremu. Foki ikiwa nzuri namna gani, isipoingia ni pambo la ukutani.

Chukua vania kalipa na futi, upime hivi:

Kichwa cha fremu. Foki nyingi za krauni mbili zina bomba la usukani lililonyooka, inchi 1 na 1/8, yaani milimita 28.6 juu mpaka chini. Kichwa chako kimepanuka chini kwa sababu kinapokea bomba la inchi 1.5. Hiyo si shida, ila utahitaji pete ya kupunguza: nje inakalia beringi ya inchi 1.5, ndani ina tundu la milimita 30 linalokaa juu ya krauni ya chini. Ni kipande kidogo sana, na ndicho kinachosahaulika mpaka siku ya kufunga, watu wakaanza kuzungushia bati la mkebe. Bati hilo litakula krauni.

Urefu wa kichwa pamoja na vikombe vya beringi. Baina ya krauni ya chini na ya juu pana nafasi maalumu. Kichwa kikiwa kirefu unahitaji krauni iliyoinuka, kikiwa kifupi ile iliyolala. BoXxer zimeuzwa na aina zote mbili, kwa hivyo ukinunua ya mtumba uliza iliyopo ni ipi. Angalia pia kama mirija ina mstari wa mwisho: krauni haipiti hapo.

Bomba la usukani. Kwa foki ya mtumba hili ndilo swali la kwanza, kabla hata ya bei. Mwenyewe wa kwanza alilikata kufuata fremu yake, si yako. Mwambie muuzaji aweke futi na apige picha. Lililokatwa fupi halirefushwi, na asikudanganye mtu kwamba litachomelewa.

Mwisho soma karatasi ya fremu, wameandika mwendo wa foki usiozidi milimita ngapi na kama krauni mbili zinaruhusiwa. Fremu za mteremko halisi hubeba 200 au 203. Fremu za enduro, za kupanda na kuteremka, nyingi zinakataza krauni mbili, maana mzigo unaopanda kwenye kichwa ni mwingine kabisa.

#3 BintiTudor

Naongeza la ekseli, kwa sababu "milimita 20" peke yake haitoshi. Kuna 20x110 ya kawaida na 20x110 ya Boost. Upana ni ule ule, ekseli ni ile ile, gurudumu litaingia bila kelele. Lakini kwenye Boost diski inakaa nje zaidi, kama milimita 5. Ukitia haba ya kawaida kwenye foki ya Boost, diski haifiki katikati ya kalipa ya breki.

BoXxer kuanzia toleo la 2019 ni Boost. Kama haba yako ni ya fremu ya zamani, ama utafute foki ya zamani, ama ubadilishe haba na kusuka spoku upya, ama upate washa ya kusogeza diski pamoja na bolti ndefu zaidi. Ukienda na washa, rimu haisogezwi, maana haba inakaa pale pale katikati ya foki.

Na diski yenyewe. Foki nyingine zimetengenezwa kwa diski ya 200, nyingine ya 203. Tofauti kutoka katikati ni milimita 1.5 tu, ila kwenye breki ni nyingi. Diski ya 203 kwenye foki ya 200 inataka washa mbili za milimita 1.5 chini ya kalipa. Kinyume chake, diski ya 200 kwenye foki ya 203, pedi zinapitiliza ukingo wa diski, zinalika zikiacha mdomo juu, halafu midomo hiyo inagusana na breki haishiki tena.

#4 KijanaMazeras

Samahani kuingilia wakubwa. Kwa nini asitafute foki ya pikipiki, za boda boda zimejaa kila gereji, na sili zake, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zinapatikana hata usiku?

#5 FundiKisauni

Kijana, swali si baya, huulizwa sana. Springi ya pikipiki imepimwa kwa chombo cha kilo mia na zaidi kabla mtu hajapanda. Kwenye baiskeli haitazama, itakuwa kama chuma kitupu. Bomba la usukani halilingani, kishikio cha kalipa hakilingani, na uzito wake utaelemea mbele yote.

Na kuna nduguye mbaya zaidi: zile foki za chuma za krauni mbili zinazouzwa rahisi rahisi, zinafanana na za mteremko kwa mbali. Zitazame chini. Ukiona sehemu ya ekseli imepasuliwa kwa ajili ya ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono, hiyo ni ya kuendea dukani. Ndani kuna springi na mpira, hakuna dampa ya mafuta ya kutuliza mwendo wa springi. Inarusha mikono juu kila inapotoka shimoni.

#6 MzeeSpringi

Haya, springi na upepo sasa.

Kwa mtu wa Mombasa nasema springi ya chuma, na sababu si mapenzi. Foki ya upepo ina sili zinazozuia upepo usitoke, na sili hizo zinataka mafuta safi na sehemu laini ya kuteleza. Hapa petu pana chumvi hewani mwaka mzima na vumbi la matumbawe lililo kama msasa. Sili ikichoka, foki ya upepo inazama na safari imekwisha. Foki ya springi ikipata sili mbovu, inavuja mafuta, inakuwa chafu na nzito kidogo, lakini bado inakubeba mpaka nyumbani.

Pili, springi inaitika mapema. Mawe madogo madogo ya Rabai yanamezwa, mikono haifi ganzi.

Ubaya wake: uzito, na springi moja ni kwa uzani mmoja. Kila kampuni ina jedwali la uzani na ugumu wa springi. Kilo 82 mara nyingi inaangukia katikati au pembeni ya mpaka wa springi mbili. Hapo wa njia za mawe na mwendo wa wastani achukue laini, anayeruka sana achukue ngumu. Usinunue foki ya mtumba kabla hujajua ndani kuna springi gani, maana ya pili itakubidi uiagize peke yake.

Za kutafuta: BoXxer za 2010 hadi 2018 zilizoandikwa Race au Team ni za springi, zilizoandikwa World Cup ni za upepo. Fox 40 za kabla ya 2014 ni za springi. Domain ya krauni mbili ni nzito, lakini ni punda wa kazi.

#7 BintiTudor

Mzee, heshima yako, ila hapo umeibana njia. Foki mpya nyingi dukani leo ni za upepo, na ubaya unaousema unatokana na matunzo zaidi kuliko upepo wenyewe. Faida yake kubwa ni kwamba anayepungua au kuongezeka kilo tano anachukua pampu, basi. Tena unaweza kuongeza vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ya upepo ndani, ili foki iwe laini mwanzoni na ngumu karibu na mwisho. Kwa springi, ukigonga mwisho kila ukiruka, dawa ni springi nyingine, au dampa yenye kirekebishi cha mwisho wa mwendo.

Kinachowashinda watu ni kujaza. Fanyeni hivi:

Jaza psi 20 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), ondoa pampu, bonyeza foki polepole mara kama 10 ikiingia karibu robo ya mwendo. Rudia mpaka ufike kipimo. Ndani pana vyumba viwili, cha juu kinachobeba na cha chini kinachovuta, na tundu la kupitishia baina yao liko mahali fulani pa mwendo. Ukipiga psi zote kwa mkupuo bila kubonyeza, vyumba havisawazishwi. Mara ya kwanza ukipanda vinasawazishwa vyenyewe, upepo wa juu unapungua, nawe unalaumu sili.

Jingine: ukichomeka pampu tena inasoma pungufu. Haivuji. Ni upepo uliojaza mpira wa pampu. Na ule mlio wa "psss" wakati wa kuchomoa unatoka kwenye pampu.

#8 MzeeSpringi

Nakubali la matunzo. Ila niambie mwenye foki ya upepo akijaza Mombasa saa saba mchana kisha akalala Wundanyi, asubuhi kipimo chake kiko wapi?

#9 BintiTudor

Swali zuri, na hesabu yake si ngumu.

Chukua psi 80 iliyosomwa kwenye pampu hapa ufukweni, joto nyuzi 33. Ongeza psi 14.7 ya hewa inayotuzunguka, unapata 94.7 kamili. Peleka baiskeli kilele cha Vuria, juu ya Wundanyi kule Taita, mita 2,208, asubuhi ya nyuzi 15. Baridi inaishusha mpaka kama 89. Lakini kule juu hewa ya nje nayo ni nyepesi, kama psi 11.3. Toa, unabaki na karibu 78. Kwa hiyo baridi imechukua kama tano na nusu na mlima umerudisha kama tatu na nusu. Tofauti ni psi 2 hivi, ambayo waendeshaji wengi hawaihisi. Jua likipanda, inarudi.

Kinachohisiwa ni kitu kingine kabisa, na hiki kinahusu foki ya springi pia, Mzee. Miguu ya chini, yale mabomba mapana yanayoshika ekseli, imefungwa na sili za vumbi. Ilifungwa hapa, usawa wa bahari, na hewa ya hapa imenaswa humo. Ukipanda juu, hewa hiyo inakuwa na nguvu kuliko ya nje, inasukuma sili, na foki ikibonyea inabanwa zaidi kwa sababu nafasi ya humo ni ndogo. Foki inakuwa ngumu mwanzoni na haimalizi mwendo wake. Watu wanapunguza upepo au wanafungua kompresheni, kile kizuizi cha kasi ya kuzama, wakati ugonjwa uko mahali pengine.

Dawa: foki zenye kitufe nyuma ya miguu, kama Fox 40 za karibuni, bonyeza vitufe ukiwa juu, foki ikiwa imenyooka kabisa. Zisizo na kitufe, penyeza ncha ya mkanda mwembamba wa plastiki usio na makali baina ya sili na mrija, isikie hewa, itoe. Safisha mrija kwanza, usije ukaingiza mchanga. Usitumie bisibisi, hata iwe ndogo vipi.

#10 BahariNaVumbi

Hapo kwenye sili mmenikumbusha jambo la unene wa mirija, ambalo aliyeanzisha uzi ameuliza na hakuna aliyemjibu.

35, 38, 40: mrija mnene haupindi ukifunga breki kwenye jiwe, usukani unakwenda unapouelekeza. Kwa kilo 82 na njia zako, 35 ya krauni mbili inatosha, maana krauni ya juu yenyewe inaongeza ukakamavu mwingi. BoXxer ilikuwa 35 tangu 2010 na imekwenda 38 kwenye ile iliyotoka 2023. Fox 40 ni 40, jina linasema.

Kwa Mombasa mimi unene nautazama kwa jicho la sili: utazipata wapi? Sili za 35 zinaingia foki nyingi za RockShox, kwa hivyo ni rahisi kuagiza pamoja na mwenzio. Agiza seti mbili, moja ikae kabatini.

Dorado ni nzuri, sili zake ziko chini na mafuta yanazilowesha muda wote. Lakini mirija yake iko karibu na mawe. Kwa matumbawe yetu, bila vikinga vile vya plastiki usiipande hata mita mia.

Kama ni mtumba, kagua hivi. Pitisha ukucha polepole juu ya mrija kuanzia sili kwenda juu. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa, katika eneo linaloingia kwenye sili, ni hasara, kwa sababu utakata kila sili mpya. Ulio juu, karibu na krauni, mahali pasipofika sili, si neno. Rangi iliyofifia upande mmoja tu, mara nyingi wa nyuma, ni dalili kwamba bushi, zile pete za ndani ambazo mrija unatelezea, zimelika au foki iliendeshwa bila mafuta. Kisha funga breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye maungio ya mguu wa chini na mrija. Mchezo ukiusikia hapo ni bushi. Ukiusikia kwenye kikombe cha fremu ni beringi, hiyo rahisi. Bushi zinataka zana maalumu za kuzitoa na kuzipanua. Kama huna fundi mwenye zana hizo, achana na foki hiyo hata ikiwa nusu bei.

Chunguza rangi ya miguu ya chini. Ikiwa imevimba vipele, chini yake magnesi imeanza kuliwa na chumvi. Kipele kimoja unakwangua na kupaka rangi. Vikizunguka mahali pa ekseli au pa kalipa, acha.

#11 MtelemkoPwani

Shukran sana. Haba nimeipima kwa maelezo ya BintiTudor, ni 20x110 ya kawaida, si Boost. Nimepata BoXxer Team ya 27.5, springi, mirija safi, bomba la usukani lina urefu wa kutosha na ziada ya milimita 22. Kwenye kufunga kuna la kuangalia?

#12 FundiKisauni

Lipo, tena mpangilio ndio kila kitu.

Kabla ya yote, toa springi, rudisha foki, ibonyeze mpaka mwisho gurudumu likiwa ndani, na tairi ulilokusudia limejazwa upepo. Tazama nafasi baina ya tairi na krauni ya chini. Kidole kisipopita, tairi ni kubwa mno. Likigusa krauni ukiwa kwenye kasi, gurudumu linasimama papo hapo na wewe unaendelea.

Stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ikiwa ile inayofungwa kwa bolti nne moja kwa moja juu ya krauni, bomba la usukani linatakiwa liishie milimita 2 au 3 chini ya uso wa krauni ya juu. Usikate mpaka umefunga kila kitu kwa majaribio na kuweka alama. Tumia kiongozi cha msumeno, kisha piga tupa ndani na nje.

Sasa kufunga. Weka vizuizi vya mpira kwenye mirija mahali itakapogusa fremu ukikata kona mpaka mwisho, la sivyo mrija utatoboa bomba la fremu. Ingiza mirija, usawazishe yote miwili ichomoze sawa juu ya krauni ya juu. Pima, usikadirie kwa macho. Kaza krauni ya chini. Krauni ya juu iache bolti zote zimelegea, za mirija na ya bomba la usukani. Ndipo ukaze kifuniko cha juu kuondoa mchezo wa beringi, na baada ya hapo ndipo ukaze krauni ya juu.

Wengi wanakaza krauni ya juu kwanza. Matokeo yake kifuniko kinakazwa lakini hakivuti kitu, maana krauni imeshashikwa na mirija. Usukani unagonga, fundi anazidi kukaza, nyuzi za kifuniko zinakwisha.

Tumia spana ya kupima nguvu. Kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm) kimeandikwa kwenye krauni au kwenye kitabu cha toleo hilo. Kaza kwa zamu, bolti hii kidogo, ile kidogo, urudi. Krauni ni alumini na kuta zake si nene. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, bolti za chuma kwenye alumini hapa petu zinashikana baada ya masika moja tu.

Ekseli: ikaze, bonyeza foki mara tano sita ili mguu usio na nyuzi ujitafutie mahali pake, ndipo ufunge bolti za kubana za upande huo. Ukizifunga kabla, miguu inavutana na foki inateleza kwa shida, ukadhani mafuta yamekwisha.

#13 MzeeSpringi

Kisha sagi, yaani foki inavyozama ukisimama juu yake. Funga mkanda wa plastiki kwenye mrija, uteremshe uguse sili. Simama kwenye pedali umejikunja kama unayeteremka, mwenzio akishikilia. Teremka polepole bila kugonga. Kwa mwendo wa milimita 200 lenga 40, ambayo ni asilimia 20. Ikifika 50 bado yawezekana, ikipita springi ni laini. Ikiwa chini ya 30 ni ngumu. Kile kirekebishi cha kukaza springi kwa juu hakiongezi ugumu, kinahamisha mwanzo tu, kwa hiyo usikitumie kuficha springi isiyofaa. Ukimaliza toa mkanda.

Ribaundi, yaani kasi ya foki kurudi juu, anzia katikati ya mibonyezo yote ya kirekebishi chake. Ikirusha usukani juu ukitoka kwenye jiwe, ongeza mbonyezo mmoja kuelekea polepole. Ikianza kuzama zaidi na zaidi kwenye mawe yanayofuatana, umeifanya nzito, haiwahi kurudi kabla ya jiwe linalofuata. Badilisha kitu kimoja, teremka njia ile ile, andika.

#14 KijanaMazeras

Na mafuta ya kuhudumia? Kuna mtu kaniambia oili ya injini inafaa, au grisi nyeusi ya beringi.

#15 BahariNaVumbi

Grisi nyeusi hapana kabisa, inashika vumbi na kuganda ndani ya sponji za sili. Oili ya injini kwenye dampa hapana, uzito wake si ule na dampa itabadilika tabia. Mafuta ya breki yanavimbisha sili. Yale ya kupulizia yanayolegeza nati zenye kutu yanaosha grisi kwenye sili, hata kama kwa siku moja foki inaonekana inateleza vizuri.

RockShox wanasema huduma ya miguu ya chini kila saa 50 za kuendesha, na foki nzima kila 200. Kwa chumvi yetu, 50 isizidi. Funika diski na kalipa kwanza. Legeza bolti za chini mizunguko mitatu minne, usizitoe. Zigonge kwa nyundo ya plastiki ili shafti ziachie, ndipo uzitoe na kumwaga mafuta. Vuta miguu, safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, lowesha sponji kwa mafuta mapya, paka grisi ya foki kidogo ndani ya sili. Rudisha, tia mafuta kwa sindano kupitia tundu za bolti, kiasi cha kila mguu ni kile cha kitabu cha toleo lako. Miguu miwili haichukui kiasi sawa mara zote. Ukizidisha, mafuta na hewa vinabanwa na foki haimalizi mwendo.

Mafuta ya zamani yakitoka rangi ya kijivu inayometameta, hiyo ni alumini ya mirija au bushi, saa zako zimepita. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Hapo ujue kwenye kuosha magari walikuelekezea ile bomba ya nguvu kwenye sili. Osha kwa ndoo na sifongo, maji baridi ya bomba, si ya kisima cha chumvi.

#16 MtelemkoPwani

Krauni imefungwa kwa mpangilio wa FundiKisauni, mchezo hakuna. Sagi imetoka milimita 46 na springi iliyokuja nayo. Tairi linaacha nafasi ya kidole na zaidi.

#17 MzeeSpringi

46 kwa Rabai iache. Ukitaka kwenda Taita, agiza ngumu ya daraja moja, na ukifika juu usisahau kutoa ile hewa ya miguu ya chini.